Acheni Kuzipaka Chai Kadi Zenu

Natengeneza kwa kompyuta kadi za besiboli za mtindo wa zamani, zile picha ndogo za wachezaji zilizowekwa kwenye pakiti za chingamu au sigara, na watu hunitumia za kwao nizikague. Nimetumiwa nyingine. Kadi ya besiboli "ya mwaka 1933" ambayo mwenyewe kaitengeneza juzi: uso wa mchezaji umefunikwa na rangi ya udongo, kona zimenyofolewa kwa programu, mikwaruzo imekatiza jezi, na pembeni kuna duara la kikombe cha chai. Anauliza kama ameizeesha vizuri. Hajaizeesha, ameichafua, na kwa kuwa swali hili halikomi, leo nalijibu kwa urefu.

Kadi ya zamani ilikuwa mpya siku ilipotoka. Ni jambo la wazi kabisa, lakini kazi nyingi ninazoletewa zinalisahau. Mtoto aliyefungua pakiti ya chingamu ya kampuni ya Goudey ya Boston mwaka 1933 alikutana na rangi zinazowaka: nyuma ya mchezaji njano tupu, au nyekundu tupu, au bluu tupu, na chini, kwenye kadi nyingi, mkanda mwekundu wenye maneno BIG LEAGUE CHEWING GUM. Kadi za mwaka ule zilizotunzwa gizani, mahali pakavu, bado zinawaka hivyo hivyo. Tunajua ni za 1933 kwa jinsi zilivyochorwa na kuchapwa. Mtu akitaka kuchora kanga ya mtindo wa enzi za bibi, atahangaika na pindo, mji na jina. Hatailoweka kwenye jiki mpaka ipauke.

Filta ya kahawia inaniudhi zaidi kwa sababu inadanganya hata kuhusu uzee wenyewe. Kartoni ya kadi hizi ilitokana na massa ya mbao, na mbao ina lignini, ambayo ikikaa na hewa na mwanga miaka mingi hugeuka njano. Kwa hiyo inayogeuka ni karatasi. Utaiona njano hiyo kwenye fremu nyeupe, mgongoni, na popote wino haukufika. Wino mweusi unabaki mweusi. Ukiimwagia kadi nzima filta, nyeusi inakuwa kahawia, bluu inakuwa tope, na jicho linakosa pa kushika. Rangi ya karatasi iwekwe kwenye leya ya chini kabisa, halafu kila wino ukae juu yake kwa modi ya Multiply, ile inayoacha rangi ya chini ionekane kupitia ya juu kama wino kwenye karatasi. Dakika tano tu, na tayari umeshinda kila filta ya bure.

Vipimo navipitia haraka, maana vimeandikwa kila mahali na bado watu hawavifuati. T206, kadi za pakiti za sigara za 1909 hadi 1911, ni kama milimita 37 kwa 67. Goudey ya 1933 ni 60 kwa 73. Ya 1952 ya Topps, kampuni nyingine ya chingamu, ni 67 kwa 95. Ukubwa wa leo, 64 kwa 89, Topps waliuanza mwaka 1957. Ukimweka mchezaji wa 1910 kwenye ukubwa wa 1957, usiniulize fonti gani inafaa.

Sasa nukta, yaani vitone vya wino vinavyojenga picha iliyochapwa, na hapa naomba utulivu. Chukua kioo cha kukuza, kile cha mara kumi wanachotumia masonara, uiangalie T206 halisi. Zilichapwa kwa litografia, rangi moja moja, na kivuli cha shavu kimejengwa kwa vitone visivyo na mpangilio. Angalia kisha Topps ya miaka ya 1950: nukta zimepanga foleni, kila rangi kwa pembe yake, na zinapokutana zinafanya maua madogo madogo. Halafu sogeza kioo kwenye jina la mchezaji. Kwenye kadi halisi, herufi na mistari ya fremu ni wino mzima, ukingo mkali, bila nukta hata moja ndani yake. Kadi iliyoskaniwa na kuchapwa upya, herufi zake zimejaa nukta, kwa sababu mashine haikujua kama ile ni herufi au ni shavu. Wanunuzi makini wanakamata kadi bandia kwa njia hiyo, na wewe unayetengeneza ya kwako kwa nia njema unaweza kuitumia kuamua kazi ianzie wapi.

Basi tenganisha. Picha ivunje kuwa rangi nne na kila moja uipe pembe yake: ya kawaida ni bluu nyuzi 15, waridi 75, njano 0, nyeusi 45. Herufi na mistari ziweke bamba la peke yake, yaani leya yake, zisipitie kwenye nukta kabisa. Kisha sogeza bamba moja, moja tu, kwa sehemu ndogo ya milimita, mpaka kwenye ukingo wa kofia uchungulie uzi mwembamba wa njano ambao haukupaswa kuwepo. Uzi huo una thamani kuliko mikwaruzo yote uliyopakua. Na nukta ziwe ndogo! Napokea kadi zenye nukta unazoziona ukiwa umesimama mlangoni. Kwenye kadi halisi, umbali wa mkono unaona rangi tu, laini, na mpaka uisogeze karibu sana ndipo inaanza kuvunjika.

Hata hivyo kuna mahali sina uhakika, na sitaki kujifanya. Printa ya nyumbani inatoa nukta zake yenyewe. Ukiipa picha yenye nukta tayari, zile mbili zinagombana na kuleta mawimbi kwenye ngozi ya mchezaji. Kuna kadi nimeacha nukta kabisa, nikabakiza rangi bapa na bamba lililosogea, na mkononi zikashawishi kuliko zile "sahihi". Na hiyo njano ya karatasi niliyoisifu juu, je, nayo si uzeeshaji? Msimamo wangu ni kwamba rangi ya karatasi ruksa, majeraha hapana. Lakini mtu akinibana nieleze mpaka wenyewe uko wapi, kona iliyolegea kidogo kwa kushikwashikwa iko upande gani, sina jibu linaloniridhisha.

Mimi hasa natengeneza kadi ambazo hazikuwahi kuwepo. Topps ya 1952 ina kadi 407 na Stan Musial, nyota wa enzi hiyo, hayumo. Watu wengi huanza kwa kumtengenezea yeye. Mimi ninarudi kwa Josh Gibson. Mwaka 1933 alikuwa mdakaji wa timu ya Pittsburgh Crawfords, na Goudey walitoa kadi 240 bila mchezaji hata mmoja wa ligi za Weusi, zile za wachezaji ambao ligi kuu ya Marekani iliwafungia mlango. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, aliyeuvunja ubaguzi huo, hajaingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Mei 2024 takwimu za ligi zile zilipounganishwa na za ligi kuu, wastani wake wa kupiga mpira, .372, ukampita Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kwa .367. Ukimpaka mtu huyu rangi ya chai unamrudisha kwenye vumbi walikomwacha. Mpe njano ile inayowaka nyuma yake, mkanda mwekundu chini, uso mkali. Ile rangi ndiyo aliyonyimwa.

Kinachonisumbua ni kwamba kadi nzuri mno inaweza kufuta kosa lenyewe. Mtu akiiona bila maelezo atadhani Goudey walimchapa. Kwa hiyo mgongo wa kadi unabeba kazi. Waandishi wa migongo ile walisimulia maisha ya mchezaji kwa sentensi fupi. Nami naandika kwa sauti hiyo hiyo kwamba mwaka 1933 hakuna kampuni ya chingamu iliyompa kadi, na kwamba hii imetengenezwa sasa.

Maelezo hayo yachapwe kwa wino ule ule wa mgongo, ndani ya fremu, mahali ambapo mtu hawezi kuyakata bila kuiharibu kadi. Stika inabanduka. Mwaka 2022 T206 ya Honus Wagner iliuzwa dola milioni 7.25 na Topps ya 1952 ya Mickey Mantle milioni 12.6, kwa hiyo walaghai hawatapungua, na kadi yako ikishatoka mkononi hujui inaishia kwa nani. Kuhusu kuuza: tangu kesi ya 1953 ya kampuni ya Haelan dhidi ya Topps, mahakama za Marekani zimekuwa zikitambua kwamba mchezaji ana haki juu ya matumizi ya kibiashara ya picha yake, na nembo za timu zina wenyewe. Chapa za kwako, gawia marafiki, usifungue duka.