Je, wajua? Windows XP ilizikwa 2014 ila ikaendelea kula apdeti mpaka 2019

Ukizunguka steshenari za zamani Mtwara mjini, au ukapanda Masasi na Nachingwea, hukosi kukuta kompyuta moja ya chogo imekaa kwenye kona bado inapiga Windows XP, ule mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft. Mwulize mwenyewe kwa nini habadilishi, atakwambia dreva za printa yake (programu za kuiunganisha na kompyuta) zinaishia XP, printa yenyewe nzima, msimu wa korosho inachapa fomu za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kutwa nzima haisumbui, sasa aitupe ili iweje? Mi simbishii. Ila kuna kitu kuhusu hizi XP wengi hawakijui.

Microsoft walitangaza mwisho wa sapoti ya XP tarehe 8 Aprili 2014, yaani tundu lolote la usalama litakalogundulika baada ya hapo ni juu yako. Lakini mwezi uliofuata tu, Mei 2014, kuna kompyuta za XP zikawa zinaendelea kupokea apdeti kila mwezi kama kawaida, kutoka seva zilezile za Microsoft, na hali hiyo ikaendelea miaka mitano. Iliwezekanaje?

XP alikuwa na ndugu anaitwa Windows Embedded POSReady 2009, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za kaunta za supamaketi na maduka makubwa, na kwa sababu maduka hayabadilishi mashine kila siku sapoti yake iliwekwa mpaka 9 Aprili 2019. Sasa ukimfungua huyo ndugu ndani unakutana na XP SP3 (toleo la XP lenye Service Pack 3) karibu yote, ni kama gari mbili bodi tofauti injini moja, spea zinaingiliana. Wajanja wakaliona hilo. Wakafungua Notepad, wakaandika mistari michache ya kuongeza ufunguo unaoitwa PosReady kwenye rejistri (daftari la mipangilio ya ndani ya Windows), ndani yake Installed iwe 1, wakasevu kama faili la reg, wakakliki mara mbili, basi. Kompyuta ikipiga hodi kwenye seva ya apdeti inajitambulisha kwamba mimi ni mashine ya kaunta, seva nayo inaamini inaipa viraka, yaani apdeti za kuziba matundu ya usalama. Hakuna kraki wala programu ya ajabu, ni mistari ya maandishi tu, na ilikubali kwa XP ya biti 32.

Microsoft walijibu kwamba viraka hivyo havikujaribiwa kwenye XP ya kawaida, haviilindi kikamilifu na vinaweza kuharibu vitu. Sio uongo, maana mashine ya kaunta haina kila kitu kilichomo kwenye kompyuta ya nyumbani. Lakini kati ya kiraka cha ndugu na kutokuwa na kiraka kabisa, mi ningechukua cha ndugu bila kufikiri mara mbili.

Baada ya 2019 ndugu naye akaondoka, na Agosti 2020 seva za apdeti za mtindo wa zamani zikazimwa, ndo maana leo ukipiga windo ya XP upya ukabonyeza Windows Update inagoma. Kuna watu wa kujitolea wametengeneza Legacy Update, inairudishia XP njia ya kuvuta apdeti zote zilizowahi kutoka. Haileti kiraka kipya hata kimoja, inakurudishia vya zamani tu.

Viraka vipya kabisa kwa mfumo uliokufa vinatengenezwa na watu wa nje, na hapa ndo patamu. Kampuni ya Slovenia inayoitwa ACROS Security ina huduma ya 0patch, na wamekuwa wakiishonea Windows 7 viraka tangu Microsoft waiache Januari 2020. Code ya Microsoft hawana, wanachofanya ni kuichunguza programu ilivyo, wanatafuta penye tundu, mfano sehemu inayopokea data bila kupima urefu wake, halafu wanachomeka amri chache za kusema urefu ukizidi kataa. Amri hizo zinaingizwa kwenye memori programu ikiwa inatembea, faili kwenye diski haliguswi, kwa hiyo kiraka kikizingua unakizima na kila kitu kinarudi kama mwanzo, hata kuristati huhitaji.

Watu wanauliza hivi vyote vya nini kama mashine ya steshenari haina hata intaneti. Wakuu, flashi je? Kila mwanafunzi anakuja na yake, faili zimegeuka shotikati zote, na XP ya zamani isiyo na apdeti inaweza kuendesha kirusi kilichojificha kwenye flashi ukiikliki tu kuifungua, tabia ambayo Microsoft waliizima kwa apdeti ya Februari 2011. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliangusha mpaka hospitali za Uingereza na tundu lake lilishazibwa Machi mwaka huohuo. Wahanga wengi hawakuwa hata XP, walikuwa Windows 7 yenye sapoti kamili ila wenyewe hawajaapdeti, huenda wanaogopa bando!

Kitu kimoja nikisisitize: kiraka kisicho rasmi kinaingia na mamlaka yote ya mashine, hivyo aliyekishona ni muhimu kuliko kiraka chenyewe. Windows "iliyoapdetiwa mpaka leo" uliyorushiwa Telegram na mtu usiyemjua haina tofauti na kumpa mpita njia funguo za duka.

Na hadithi inajirudia. Windows 10 sapoti imefungwa 14 Oktoba 2025, na laptopu kibao za mtumba haziingii Windows 11 kwa sababu hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au zina prosesa za zamani. Ila na yeye ana ndugu, Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021 (LTSC ni toleo la sapoti ndefu), huyu ni wa mashine za viwandani na kaunta, na sapoti yake inafika Januari 2032.