Jiki haimalizi madoa meusi ya dari

Imezoeleka kwamba madoa meusi kwenye dari ya juu, ile iliyopanda kufuata mteremko wa paa, ni uchafu tu na dawa yake ni jiki. Mara nyingi ni kuvu, nayo huishi kwa unyevu. Jiki hufifisha weusi, doa likaonekana limekwisha. Lakini jipsamu na mbao hunyonya: nguvu ya dawa huishia juujuu, maji yake yakazama ndani kuilisha kuvu iliyobaki.

Hewa ya moto yenye mvuke wa jikoni na bafuni hupanda hadi kileleni. Usiku mabati yakipoa, mvuke hugeuka matone chini ya bati na dari hulowa hata kama mvua haijanyesha. Kwa hiyo fundi aanze na matundu ya hewa na mabati yanayovuja. Jipsamu iliyolainika hukatwa ikabadilishwa. Dari ya rangi ya mafuta hufutwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa. Na jiki inayonyunyizwa juu ya kichwa hushukia machoni, jambo ambalo wengi hulipuuza.