Pampu Inaposaga Kokoto

Fundi wetu hapa Njiro aliizima pampu mbio. "Injinia, inasaga kokoto!" Nikamwambia aiwashe tena. Kelele ile ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Kwa kawaida sauti hiyo ni msiba. Viputo vinavyopasuka majini hutoboa chuma. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alipiga hesabu ya presha yake, enzi ambayo rafadha za meli zilikuwa zikiliwa kama mbao yenye mchwa. Sisi tunavitengeneza makusudi, ili kusafisha maji taka yenye rangi za viwanda vya nguo. Kitaalamu huitwa kavitesheni ya haidrodinamiki.

Wana Arusha nusu ya habari hii mnaijua jikoni. Hapa juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko Tanga, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage yanachelewa kuiva. Endelea kupunguza presha na maji yatachemka hata yakiwa baridi: kwenye nyuzi 25, presha ikishuka hadi kilopaskali 3 hivi, yanachemka.

Kazi hiyo naifanya kwa venturi, bomba lililobanwa kiuno. Maji yakifika kiunoni yanakimbia, presha inaanguka, viputo vinazaliwa. Bomba likitanuka presha inarudi na kuviponda. Ndani ya kiputo joto hufika maelfu ya nyuzi, ila kwa muda mfupi mno. Bomba lenyewe ukilishika ni vuguvugu tu. Kwenye joto hilo la kiputo molekuli za maji zinapasuka na kutoa radikali za haidroksili, vipande vya maji vinavyoshambulia kemikali nyingine, kali kuliko klorini.

Ukali huo tunauhitaji kwa sababu rangi za azo, rangi za kutengenezwa zinazotumika viwanda vya nguo, zimeundwa zisichuje kwa jua wala sabuni. Mvaaji wa kitenge anafurahi, bakteria wa bwawa la maji taka, ambaye kazi yake ni kula uchafu, anashinda njaa mbele ya sahani.

Nilipoanza nilijidanganya. Nilizungusha maji mekundu saa mbili, yakabaki kama juisi ya rozela iliyozimuliwa, nikaita watu waje kuona. Kipimo cha oksijeni inayohitajika kikemia, kinachoonyesha uchafu uliobaki majini, kilipotoka, kilikuwa kimeshuka kiduchu. Aibu! Nilikuwa nimekata kifungo cha kemikali kinachotoa rangi tu. Vipande vilikuwa bado vimo, na vingine huweza kuwa na sumu kuliko rangi yenyewe.

Tangu hapo venturi naiweka kabla ya bwawa la bakteria, si badala yake. Yenyewe inakatakata, wao wanakula. Haidrojeni peroksaidi kidogo husaidia sana. Presha kubwa kupita kiasi haisaidii: viputo vinaungana kuwa wingu la mvuke, havipasuki inavyotakiwa, na luku inaisha.

Watu wa Ngarenanyuki huniuliza kama inaondoa floraidi. Haiondoi. Floraidi ni ayoni, yaani atomu moja yenye chaji, haina kifungo cha kukatwa. Kromiamu ya viwanda vya ngozi nayo ni vivyo hivyo. Kwa floraidi, kuchuja kwa mkaa wa mifupa uliofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto bado ndio jibu langu.