Nani amemuua kiwavi ndani ya jani?

Ninapoliinua jani lenye michirizi ya kiwavi mchimbajani na kulielekeza kwenye mwanga, ninachokitafuta kwanza ni alama za nyigu: kiwavi aliyenyauka mahali alipokuwa akila, lava (mtoto wa nyigu) mweupe aliyejibana ubavuni mwake, au tundu dogo la mviringo kwenye ngozi ya jani. Alama hizo ni rahisi kupuuzwa, nami naamini kwamba kwa kuzipuuza tumekuwa tukizipunja sifa kazi za nyigu hawa.

Kiwavi mchimbajani ni mtoto wa nondo mdogo sana. Huishi kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, katika nafasi isiyofika hata milimita moja, akila tishu laini zilizomo humo huku mvua na wadudu wawindaji wengi wakishindwa kumfikia. Lakini handaki linalomsitiri ndilo linalomfichua, kwa kuwa jani lililojeruhiwa hutoa harufu, michirizi huonekana kwa nje, na kila anapotafuna au kujisogeza hutetemesha ngozi ya jani. Nyigu jike, ambaye mara nyingi ana urefu wa milimita 1 hadi 3 tu, huzifuata ishara hizo. Wengi wao ni wa familia ya Eulophidae, yenye spishi zaidi ya 4,000 zilizokwisha kuelezwa, na hawana madhara yoyote kwa binadamu.

Kinachotokea nyigu anapotua juu ya handaki kilichunguzwa kwa makini katika miaka ya 1990 na watafiti Meyhöfer, Casas na Dorn, waliopima mitetemo ya jani la mtofaa wakati nyigu Sympiesis sericeicornis anamwinda kiwavi wa nondo Phyllonorycter malella. Nyigu hutembea, husimama, hulipapasa jani, kisha hudunga kwa nguvu sindano yake ya kutagia, wakati mwingine mara nyingi mfululizo. Kiwavi naye huihisi mitetemo hiyo, akaacha kula, akatulia tuli au akajisogeza upande mwingine. Ni mawindano ya gizani, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kupitia ngozi ya jani, na mara nyingi kiwavi huponyoka.

Kiwavi anaposhindwa kuponyoka, mambo huenda kwa njia mojawapo kati ya mbili. Nyigu wengi wa familia hiyo humpoozesha kiwavi na kuacha yai juu yake au kando yake, na lava anayeanguliwa hula chakula kisichoweza tena kukimbia. Nyigu wengine hutaga ndani ya kiwavi au ndani ya yai la nondo, wakamwacha mwenyeji wao aendelee kula na kukua hadi watakapommaliza. Nyigu Ageniaspis citricola, aliyepelekwa Florida, Marekani, mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya mchimbajani wa michungwa kuonekana huko, ni wa kundi hili la pili, na yai lake moja hugawanyika likatoa nyigu kadhaa. Jike huweza pia kuamua jinsia ya mtoto wake, kwa sababu yai lisilorutubishwa huwa dume, na katika spishi nyingi viwavi wadogo hupewa madume huku wakubwa wakiwekewa majike.

Ipo njia nyingine ya kuua ambayo hesabu zetu huikosa. Jike wa spishi nyingi huhitaji protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo humdunga kiwavi, akanywa majimaji ya mwili wake, kisha akaondoka bila kutaga chochote. Kiwavi huyo hukauka. Ukiliweka jani lake katika chupa iliyofunikwa kwa kitambaa na kusubiri wiki kadhaa, hatatoka nondo wala nyigu, na mtafiti anayehesabu waliotoka tu atamwandika kuwa amekufa kwa sababu isiyojulikana, au hatamwandika kabisa. Ndiyo maana mimi hufungua kila handaki chini ya hadubini kabla ya kutoa asilimia yoyote, nikiwatenganisha viwavi hai, waliobeba yai au lava, na waliokauka. Kazi hiyo huchosha macho, lakini bila hiyo mkulima anaweza kuambiwa kwamba nyigu wake hawafanyi kitu, akapuliza dawa ambayo kiwavi amejikinga nayo kwa ngozi ya jani, ilhali nyigu anayetembea juu ya jani hilo hana kinga yoyote.

Majani yaliyoanguka yanataka uangalifu uleule. Barani Ulaya, mchimbajani Cameraria ohridella, aliyegunduliwa karibu na Ziwa Ohrid katika miaka ya 1980, hupitisha majira ya baridi akiwa pupa ndani ya majani makavu, na watu huyakusanya na kuyachoma. Moto huo huwaunguza pia nyigu waliolala humohumo. Kuna watafiti waliojaribu kuyahifadhi majani hayo katika vyombo vilivyofunikwa kwa wavu ambao matundu yake humruhusu nyigu kupita na kumzuia nondo, kwa kuwa nyigu ni mdogo kuliko yeye. Kwa maoni yangu, huo ni ufundi unaostahili kujaribiwa popote ambapo majani yaliyoshambuliwa yanaweza kukusanywa kwa urahisi, mradi upana wa matundu upimwe kwanza kwa nondo na nyigu wenyewe.