Marathoni itakungoja: dhana potofu na ukweli kwa mwanariadha kijana

Dhana: Usipoingia marathoni mapema, utakuwa umechelewa.

Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013, miaka kumi baadaye, na akashinda. Alphonce Simbu wa Tanzania alipata shaba ya dunia London mwaka 2017; dhahabu ilikuja Tokyo mwaka 2025, akiwa na miaka 33. Naielewa haraka ya kijana ambaye familia nzima inamtegemea. Lakini anayeumia vibaya akiwa na miaka 19 haleti zawadi yoyote nyumbani.

Dhana: Maumivu huisha ukizidi kukimbia.

Msuli uliochoka huuma eneo pana na hutulia baada ya siku mbili tatu. Mfupa ulioanza kupata ufa huuma mahali pamoja, unapoweza kupagusa kwa kidole, na maumivu huzidi kadiri unavyokimbia. Baadaye huuma hata ukitembea, hata usiku kitandani. Mara nyingi ni muundi au mifupa ya wayo. Wengi hupotea kwenye eksirei: picha haionyeshi kitu, kijana anarudi kambini. Ufa mchanga huweza kujificha kwenye eksirei kwa wiki kadhaa, ilhali kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huuona mapema. Ukipumzika mapema, muundi kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Ukilazimisha, unaweza kuvunjika kabisa. Maumivu ya kinena yanayokuja kila ukikimbia usiyasubirishe hata siku moja. Huenda ni shingo ya mfupa wa paja, na hiyo ikivunjika huhitaji upasuaji.

Dhana: Msichana akikosa hedhi, ndiyo amekuwa fiti.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Ikiwa si ujauzito wala ugonjwa, mara nyingi maana yake ni kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya. Homoni ya estrojeni hushuka, na mfupa hupungua uimara katika miaka ileile ambayo ungejijenga. Wavulana wanaojinyima nao hudhoofika, ila wao hawana dalili iliyo wazi hivyo. Kocha anayemsifu binti kwa kukonda anamharibia. Amuulize amekula nini, na ampeleke kwa daktari.

Dhana: Kilomita za bingwa ndizo kipimo chako.

Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023, na vijana wengi wanataka kuiga mazoezi yake. Kocha wake, marehemu Gervais Hakizimana, alieleza hadharani kwamba alimsihi apunguze ili adumu. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka. Mfupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kijana hujisikia mwepesi kabisa wiki chache tu kabla ya kuumia. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye, wala usiviongeze pamoja wiki moja. Ukirudi baada ya jeraha, anza kwa kuchanganya kutembea na kukimbia, na asubuhi yake upabonyeze pale palipouma kabla ya kuvaa viatu.