Unene wa bomba la baharini: anza na maji ya nje

Panda treni ya SGR pale Syokimau ukiwa na chupa tupu ya maji, uifunge kifuniko barabara. Ukishuka Miritini utaikuta imebonyea bila kuguswa na mtu. Hewa uliyoifungia huku juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina shinikizo dogo kuliko hewa ya Mombasa. Tofauti ni kama kilopaskali 18 tu, lakini zinatosha kuishinda plastiki nyembamba. Kila ninapomfundisha mhandisi mchanga kukokotoa unene wa bomba la chini ya bahari, huanza na chupa hiyo.

Wiki iliyopita binti aliye mafunzoni ofisini kwetu, Industrial Area, aliniletea zoezi nililompa: bomba la chuma la daraja la X65, lisilo na mshono, kipenyo cha nje milimita 323.9, lilazwe kwenye kina cha mita 2,500. Kina hicho si cha kubuni. Kisima cha gesi cha Zafarani, kusini mwa Tanzania, kilichimbwa mwaka 2012 kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,500.

"Injinia, milimita 12.7 zinatosha," akaniambia.

Alikuwa amechukua gesi ya megapaskali 40 inayosukuma kutoka ndani, akaondoa shinikizo la bahari linalosukuma kutoka nje, kisha akatia tofauti kwenye fomula ya Barlow: shinikizo mara kipenyo, gawanya kwa unene mara mbili. Alipata mkazo wa megapaskali 190, ilhali chuma cha X65 huanza kuharibika umbo lake lisirudi tena kwenye 450. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja la tarakimu.

Tatizo ni kwamba bomba huteremshwa likiwa tupu. Meli inapolilaza, ndani mna hewa tu. Baadaye pia, gesi ikifungwa na kupunguzwa kwa ajili ya matengenezo, bahari haipungui. Maji ya chumvi yenye uzito wa kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, mara 9.81, mara mita 2,500: megapaskali 25.1 zinalikaba bomba kutoka kila upande, na ndani hakuna cha kuzipinga. Ni zaidi ya mara 1,300 ya kilichoibonyeza ile chupa.

Kwa hiyo tunapima kubonyea kwanza. Mwongozo wa API RP 1111, wa taasisi ya petroli ya Marekani, unatumia viwango viwili. Cha kwanza ni shinikizo linaloshinda nguvu ya chuma: 2 × S × t/D, ambapo S ni ule mkazo wa 450, t ni unene wa ukuta na D ni kipenyo cha nje. Cha pili ni linaloshinda ugumu wa umbo: 2 × E × (t/D)³ ÷ (1 − v²), ambapo E, kipimo cha ukakamavu wa chuma, ni megapaskali 207,000 na v, uwiano wa Poisson, ni 0.3. Itazame vizuri ile nguvu ya tatu: ukiongeza unene kidogo, ugumu wa umbo unaruka. Viwango hivyo huunganishwa kwa kuvizidisha, kisha kugawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao. Jibu tunalizidisha kwa 0.7, kipunguzo ambacho mwongozo unakitaka kwa bomba lisilo na mshono.

Kwa milimita 12.7 jibu ni megapaskali 15.2. Bomba la binti yetu lingebonyea kabla halijagusa sakafu ya bahari. Kwa 15.9 tunapata 23.9, bado. Kwa 17.5 tunafika 28.2, na hapo napumua. Naongeza milimita 3 za kuliwa na kutu, kisha nagawanya kwa 0.875 kwa sababu kiwandani ukuta unaruhusiwa kupungua asilimia 12.5 mahali fulani. Inakuja 23.4, unene wa kawaida sokoni unaofuata ni 23.8.

Sasa kipenyo ukikigawanya kwa unene unapata 13.6. Chini ya 20 hivi, mkazo haulingani tena ndani na nje ya ukuta, na Barlow haioni tofauti hiyo. Hapo namwita Lamé, Mfaransa wa karne ya 19. Bomba hili likijaribiwa nchi kavu kwa megapaskali 60, uso wa ndani unabeba mkazo wa 381 na wa nje 321. Tofauti ni 60, sawasawa na shinikizo lenyewe. Nimefanya hesabu hii miaka mingi na bado naipenda.

Linabaki jambo moja ambalo unene peke yake haulimalizi. Bomba likipata pigo na kuanza kubonyea, mbonyeo unaweza kukimbia kando ya bomba kwa shinikizo dogo kuliko lile la kuuanzisha. Fomula ni 24 × S × (t/D) kwa kipeo cha 2.4. Hata kwa 23.8 inatoa megapaskali 20.5, na bahari ina 25.1. Kunenepesha bomba zima ili kuuzuia ni gharama ya bure. Tunafunga pete nene za chuma, mbonyeo ukifika hapo usimame. Umbali kati ya pete na pete ni urefu wa bomba ambao mwenye mradi yuko tayari kuupoteza na kuuinua kwa matengenezo, na huo ndio niliomwachia binti aukokotoe.