Ukuta Nao Huvuta Moshi

Juni ikiingia na baridi yake, maisha ya Uyole, Makete na Mufindi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huhamia ndani. Madirisha hufungwa mapema, jiko la mkaa hutoka barazani likaingia sebuleni, na mlango huegeshwa ili joto lisipotee. Asubuhi mama mwenye nyumba hufungua kila kitu, upepo ukapita, harufu ya moshi ikaisha. Jioni akifunga tena, hata kabla hajawasha jiko, harufu ile ile imesharudi. Sisi wa afya ya mazingira huulizwa mara nyingi: inatoka wapi?

Inatoka ukutani.

Moshi una mambo mengi ndani yake. Kaboni monoksaidi, ile gesi inayoua watu usingizini, haigandi popote. Dirisha likiwa wazi inatoka. Kwa hiyo jiko likiwaka dirisha lisifungwe, baridi iume isiume. Hilo halina mjadala. Lakini moshi huo huo una kemikali nyingine zilizo nzito kidogo, ambazo huelea kwa muda kisha hutua kwenye dari, mapazia, blanketi na vumbi la sakafuni. Miongoni mwake imo benzopirini, inayojulikana kusababisha saratani. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha la jikoni, utahisi utando wa mafuta. Utando wa namna hiyo, mwembamba mno usioonekana kwa macho, uko karibu kila mahali ndani ya nyumba, nao hunyonya kemikali zinazopita. Tofali la kuchoma lisilopigwa plasta, ambalo huku kwetu ndilo nyumba nyingi, lina vitundu vingi na hunyonya zaidi.

Mwaka 2018, katika nyumba ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, watafiti walifungua milango na madirisha wakapima hewa. Kemikali zilishuka. Walipofunga, nyingi zilipanda tena muda mfupi baadaye, kwa sababu sehemu kubwa ya shehena haikuwa hewani. Ilikuwa imelala kwenye kuta na vyombo.

Baridi yetu inaongeza jambo moja. Kemikali hizi hushika zaidi mahali penye ubaridi na huachia penye joto. Chumba kinapopoa usiku kucha, ukuta unapokea. Jiko likiwashwa kesho yake na ukuta kupata joto, sehemu ya moshi wa jana inarudi hewani kuungana na wa leo.

Si moshi tu unaolala ukutani. Viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa havina harufu ya kudumu wala masizi ya kumshtua mtu. Mkulima wa viazi mviringo hupuliza dawa ya ukungu mara nyingi kwa msimu, hasa mvua zikikazana. Anarudi nyumbani, bomba la kupulizia analiweka nyuma ya mlango wa chumba, koti analitundika msumarini juu ya kitanda. Shambani dawa ile ingepigwa na jua, ikaoshwa na mvua, ikaliwa na vijidudu vya udongo. Chumbani hakuna jua wala mvua, kwa hiyo hudumu muda mrefu zaidi. Marekani ilipiga marufuku dawa ya wadudu ya DDT mwaka 1972, lakini miongo miwili baadaye bado ilikuwa inapatikana kwenye vumbi la mazulia ya nyumba za watu.

Kemikali ya ukutani humfikia mtu kwa njia tatu: pumzi, ngozi na mdomo. Mtu mzima huathirika kwa zote, ila mtoto anayetambaa ndiye anayebeba mzigo. Hushika sakafu, hutia vidole mdomoni, na kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi kuliko baba yake. Nguo iliyotundikwa penye moshi pia huupokea na kuupeleka kwenye ngozi ya anayeivaa.

Nini kifanyike? Hewa peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika nyumba ya majaribio jimboni Maryland kwa moshi wa msonobari (jamii ya misindano yetu ya shamba la miti la Sao Hill), uligundua kwamba kufuta, kunyonya vumbi na kudeki kulipunguza kemikali vizuri kuliko mashine za kuchuja hewa, na matokeo yake yalidumu kuliko ya kufungua madirisha. Hiyo ni habari njema kwa mwenye ndoo na kitambaa. Futa kuta zinazofutika, meza na vioo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Deki badala ya kufagia pakavu, maana ufagio mkavu hurusha vumbi lile lile puani. Klorini usiiongeze ukidhani itaua moshi, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: itatoa gesi ya sumu.

Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, mbali na kisima na mto, zianikwe juani. Bomba na chupa za dawa ziwe na banda lao lenye kufuli.

Na mahindi. Najua kwa nini magunia yako chumbani: wezi. Lakini mahindi yaliyochanganywa na dawa ya unga humwaga vumbi kila gunia linapoguswa, na vumbi hilo hutua kwenye shuka. Kama lazima yalale ndani, nunua ile mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hufa humo kwa kukosa oksijeni, na hakuna haja ya dawa. Kausha mahindi vizuri kwanza, funga mdomo wa mfuko barabara, na uuweke mbali na panya, kwa sababu tundu moja tu linatosha kuwarudishia wadudu hewa.